Ukili wa Njiani

Mara mbili kila wiki mimi hupita Ulaya, na kurasa nyingi za riwaya yangu ya pili nimeziandikia huko. Nilipolitaja jambo hili katika ujumbe kwa kaka yangu aliyeko Unguja, alinijibu kwa hamaki, akitaka kujua nauli ya Ulaya naipata wapi hali mchango wangu wa harusi ya binti wa dada yetu bado haujafika. Ikanilazimu kumweleza kwamba Ulaya niisemayo ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, baina ya mji wa Kilosa na mji mdogo wa Mikumi. Kwamba huko hapana theluji wala sarafu ngeni, bali mashamba ya mahindi, watoto wa skuli waendao kwa miguu, na vumbi ambalo huingia hata ndani ya maneno. Mchango niliupeleka. Lakini tangu siku hiyo, kila gari linapokaribia kituo hicho, hucheka peke yangu na kufungua daftari.

Sina budi kueleza kinachonipitisha huko. Tangu Jumapili jioni hadi Alhamisi mchana hukaa Kilosa, ambako nina duka la madaftari na kalamu pamoja na mashine ya fotokopi. Alhamisi hufunga duka, nikapanda gari la Mikumi, nikaenda kumuuguza mavyaa wangu, ambaye mwaka 2019 alipatwa na kiharusi kilichomlaza upande wa kulia. Jumapili wifi yangu hunipokea zamu, nami hurudi. Mume wangu ni dereva wa malori yaendayo Tunduma na ng'ambo ya mpaka, na kwa hivyo nyumba zote mbili humpokea kama mgeni wa heshima. Haya siyasemi kwa kulalama. Nayasema kwa sababu kila nikutanapo na wapenzi wa fasihi, khasa washairi, huniuliza swali moja: unaandika saa ngapi? Nami sina saa.

Washairi nawaonea wivu, na wasinichukie kwa kusema hivyo. Mshairi akikatizwa katikati ya ubeti, mizani humngoja palepale alipoiacha, na vina humvuta mkono arudi. Marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyetuachia Kimbunga mwaka 1994 na kufariki mwaka 2021, alifanya kazi ya uvuvi na ubaharia, na shairi laweza kutungwa mtu akivuta kamba. Mwandishi wa riwaya hana kamba ya kushika. Yeye hubeba kijiji kizima kichwani: nani anamdai nani, mvua ilinyesha lini, mtoto wa sura ya pili sasa ana umri gani, mlango wa jikoni unafungukia upande upi. Mteja akiingia dukani kutaka nakala mbili za cheti cha kuzaliwa, kijiji hicho chote hutawanyika kama kuku walioona mwewe; na kuwakusanya tena kuku hao huchukua muda mrefu kuliko kutoa nakala mia.

Na wanaonikatiza si wateja peke yao. Umeme hukatika, ukarudi wakati mwenyewe nimeshaondoka. Kuna vikao vya harusi. Kuna misiba, ambayo katika mji kama Kilosa haina kutuma salamu: mtu huenda, akakaa, akapika. Kisha, kwa kuwa nimejulikana kuwa ni mwandishi, ndiye mimi niandikaye barua za maombi ya kazi, risala za mahafali na wasifu wa marehemu. Kazi hii ya mwisho nilikuwa nikiichukia. Hugongewa mlango saa nne za usiku, wafiwa wakaketi mbele yangu wakinitajia tarehe na majina, na asubuhi yake ukurasa uwe tayari kusomwa mbele ya watu. Ilinichukua miaka kutambua kwamba hapana skuli ya riwaya iliyo bora kuliko hiyo. Watoto wa marehemu hawakubaliani hata juu ya mwaka ambao baba yao alihamia Kilosa. Mjane anataka jambo fulani lisitajwe, na yeye huyo ndiye alitajaye mara nyingi kuliko wote. Maisha ya miaka sabini, ukurasa mmoja, usiku mmoja. Na usiku huo huo mwandishi ajue lipi la kuacha.

Vitabu vya nasaha kwa waandishi, ambavyo nimesoma viwili vitatu, vinashauri mtu aamke saa kumi za alfajiri, wakati dunia imelala, akaandike. Ni shauri jema kwa asiye na mgonjwa wa kugeuzwa kitandani saa hiyo hiyo. Nilijaribu kwa majuma sita. Nikaandika kurasa ambazo sasa sizitambui, na nikawa nasinzia juu ya mashine hata nikampa mteja nakala kumi na mbili za upande usio na maandishi. Wengine hushauri mtu asubiri hamasa. Mimi hamasa naijua kwa sifa tu, kama nimjuavyo jirani aliyehamia Muscat: husikia kuwa ni mzima, na kuwa ipo siku atakuja.

Panapokuwa pagumu hujifariji kwa kuhesabu miaka ya wakubwa wetu. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali tangu mwaka 1926, akihamishwa kutoka forodha kwenda idara nyingine, hadi kuishia ofisi ya upimaji huko Tanga. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwenyewe kuzikwa. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kikatoka mwaka 1960. Akawa na gazeti la Mkulima la kuhariri, na wapenzi wa Bwana Msa wakangoja hadi mwaka 1968 kukipata Kisima cha Giningi. Adam Shafi alitupa Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978 na Kuli mwaka 1979. Vuta N'kuvute ikaja mwaka 1999. Miaka ishirini! Ninaipenda sana hesabu hii. Hapana shaka mwaka 1990 palikuwa na watu waliosema, barazani na kahawa mkononi, kwamba bwana yule amekwisha. Na leo riwaya hiyo imeshafanywa hata filamu, mwaka 2021, na hao wa barazani hakuna awakumbukaye.

Lakini hesabu ya wakubwa ni kitulizo tu. Inamwonyesha mtu kuwa inawezekana, haimwinui kitini. Mimi nilipoanguka, kilichoniinua kilikuwa kitu kingine.

Kitabu changu cha kwanza kilikufa maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa ulivunja kingo zake ukaingia Kilosa. Maelfu ya watu walihama makwao, na reli ya kati ikakatika kwa miezi. Nyumba yetu ilikuwa bondeni. Tuliokoa watoto, cherehani na godoro moja. Madaftari matatu makubwa ya jalada gumu, yale tuyaitayo kaunta buku, yalibaki chini ya kitanda pamoja na miaka yangu minne. Siku ya nne maji yalipopungua nikaenda kuyatafuta, na balaa ni kwamba niliyapata. Laiti mto ungaliyachukua. Yalikuwapo, yamevimba kama mikate ya mofa, wino wote umeyeyuka ukawa wingu la samawati kutoka jalada hadi jalada. Ukurasa mmoja tu ulisomeka, wa nyuma kabisa, ambao nilikuwa nimeandika deni la sukari na mafuta ya taa. Ulisomeka kwa sababu niliuandika kwa penseli.

Watu walinipa pole, na mimi nikazipokea. Sasa nitasema jambo ambalo sikupata kumwambia mtu. Pamoja na uchungu ule, niliona wepesi. Riwaya ile ilikuwa inanidai kila siku kwa miaka minne. Nikipika inanidai, nikiwa msibani inanidai. Na sasa mdai amekufa, na hapana awezaye kunilaumu, kwani nani atamlaumu mtu kwa gharika? Nilipata udhuru ambao kila mtu angeuheshimu. Nadhani wengi miongoni mwetu tuandikao bila mchapishaji, bila mshahara na bila mtu wa kutuuliza, twauomba udhuru wa namna hiyo kwa siri. Mimi nilipewa wangu, na nikautumia kwa zaidi ya miaka miwili.

Baada ya mafuriko tulihamia kwa muda Mikumi, kwa mavyaa. Mji ule umekaa kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya, pale inapoacha njia ya Ifakara, baada tu ya kutoka katika hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964. Jina lake limetokana na mikumi, ambayo sisi wa pwani twaiita mivumo. Usiku malori hayanyamazi. Kwa kuwa hatukuweza kulala, mavyaa alizungumza. Marehemu mumewe alikuwa mfanyakazi wa genge la reli, wale watengenezao njia, na yeye alikaa naye katika kambi za magenge tangu Kilosa hadi Kidete, Godegode na Gulwe. Alinieleza jinsi wake wa genge walivyojua kwa mlio wa nyundo juu ya chuma nani anapiga na ana hasira gani siku hiyo. Alinieleza jinsi mvua ikinyesha usiku wanaume walivyotoka na kandili kuangalia tuta kama limekatika, na wanawake wakabaki wakihesabu: kufika darajani muda huu, kurudi muda huu, na hesabu ikizidi, hapana anayesema neno, lakini kila mlango unafunguliwa. Alinieleza jinsi alivyojifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima, miaka ile ya sabini, ubao umeegemezwa kwenye rundo la mataruma. Nikamwambia, "Mama, haya nitayaandika." Akafurahi. Nikarudi Kilosa, nikafungua duka, na sikuandika.

Mwaka 2012 nilikwenda kumtazama. Alikuwa anachambua mchicha. Akaniuliza, bila ya kuinua uso, "Yale maneno yangu yamefika wapi?" Nikamwambia, "Bado, mama. Shughuli zimenizidi, duka, watoto, umeme." Akaendelea kuchambua hata nikadhani mazungumzo yamekwisha. Kisha akasema, "Basi kama huandiki, nirudishie. Nina wajukuu, nitawapa wao."

Nimejaribu mara nyingi kueleza kauli ile ilinifanya nini. Hakukasirika. Alisema kama mtu adaiye sufuria yake aliyoazima. Mimi miaka yote hiyo nilikuwa nikiuhesabu uandishi kuwa kipaji changu, pumziko langu, haki yangu ninayonyang'anywa na dunia. Na kitu kilicho changu naweza kukiacha nikipenda. Sikupata kudhani kwamba nimepokea amana. Tangu utoto tumefundishwa kwamba amana hairejeshwi kwa udhuru. Ukiambiwa urudishe na huwezi kurudisha, maana maneno yakishasikiwa hayarudi, imebaki njia moja.

Usiku ule ule nilianza kuandika, na nikaanza kwa penseli. Lakini ari peke yake isingalitosha, kwa sababu dharura hazikupungua hata moja. Ilinibidi nibadili namna ya kazi yenyewe, na namna hiyo sikuitoa katika kitabu chochote. Niliitoa kwa mama yangu.

Mama alikuwa msukaji wa mikeka, Makunduchi. Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa, ila huku bara hueleza: mkeka hausukwi kama mkeka. Husukwa ukili, utepe mwembamba wa ukindu usio na mwisho, na ukili hauna mahali pake. Mama aliusuka akienda kisimani, akiusubiri wali uive, akiwa matangani huku anasikiliza. Akiitwa, aliukunja akaubana kwapani. Akirudi, vidole vilijua vilipoishia. Miezi ikapita, mizingo ya ukili ikajaa ukutani. Hapo ndipo alipotafuta siku tulivu, akaketi, akashona ukili kwa ukili, na mkeka ukaonekana. Sikupata kumwona akikaa chini akisema leo nasuka mkeka. Na mimi, mwanawe, niliyesoma, nilikuwa kila siku nakaa chini nikisema leo naandika riwaya.

Basi nikaacha kuandika sura. Niliandika ukili: karatasi moja, jambo moja, mtu mmoja anafanya kitu kimoja. Mke wa genge anawasha kandili. Mtoto anaokota kokoto. Kiberenge kinapita na mkubwa aliyevaa kofia. Karatasi moja yaweza kuandikwa baina ya mteja na mteja, na ikikatizwa katikati hupoteza mistari minne, si kijiji. Nilijifunza pia kutomaliza. Nikisikia gari linapiga honi au mgonjwa anaita, huacha sentensi katikati ya neno, kwani neno lililokatika humwita mwenyewe, lakini nukta humwambia nenda ukalale. Na kila karatasi huiandika tarehe na mahali: Kilosa, dukani, Mikumi, hospitali, foleni, Ulaya, garini, pancha. Ukitazama maandishi yangu utajua barabara ilikuwa mbaya sehemu gani.

Sitaki kuwadanganya wenzangu kwamba utulivu hauna kazi. Mwaka 2016, baada ya kujaza maboksi mawili ya karatasi, kaka yangu alinipa chumba Unguja kwa miezi mitatu. Watoto walikuwa wameshakua, wifi akakubali kukaa dukani. Ilikuwa ndoto yangu ya miaka kumi na minane, tangu niolewe nikahamia Kilosa: chumba, dirisha, bahari kwa mbali, na hapana aniitaye. Kwa muda wa miezi miwili sikuandika hata karatasi moja iliyofaa. Nilikaa mezani tangu asubuhi. Niliandika juu ya bahari, ambayo katika riwaya yangu haimo. Watu wangu wa genge walikataa kuvuka maji pamoja nami. Niliwaacha Kilosa kwenye foleni ya fotokopi. Nikaanza kutamani mtu abishe hodi. Kisha, kwa kukata tamaa zaidi kuliko kwa hekima, nikamwaga karatasi zote sakafuni, nikaacha kusuka, nikaanza kushona. Kazi hiyo ilikwisha kwa siku kumi. Kwa hivyo leo mtu akiniambia hapati muda wa kuandika riwaya, humuuliza: muda wa kusuka au wa kushona? Wa kushona kweli ni adhimu, na inafaa kuupigania, hata kwa kugombana na ndugu. Wa kusuka umejaa tele kila mahali kama vumbi la Ulaya.

Kitabu kilitoka mwaka 2017, nakala mia tano, kwa fedha za cherehani ile ile iliyookolewa katika maji, niliiuza. Kujichapishia si jambo geni kwetu. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alikuwa na Heko yake. Kajubi Mukajanga alikuwa na Grand Arts Promotions. Elvis Musiba aliandika habari za Willy Gamba huku akiendesha shughuli zake za biashara. Ila hao walikuwa Dar es Salaam, penye wasomaji mlangoni. Mimi nilipeleka nakala kwa wauza vitabu kwa mali kauli, nao wakauza, na kauli ndiyo niliyobaki nayo. Hili sitalirefusha, kila ajichapishiaye analo lake.

Wasomaji wangu niliwapata Mikumi, barabarani. Kijana auzaye karanga na mayai ya kuchemsha kwenye madirisha ya mabasi alikubali kuchukua nakala tano juu ya beseni lake, kwa faida ya shilingi elfu moja kila nakala. Siku za kawaida aliuza moja, au hakuuza. Siku moja lori lilipinduka mbele ya mji, barabara ikafungwa tangu asubuhi hadi jua kutua, mabasi yakapangana mpaka yasionekane mwisho, na abiria wakashuka wakakaa vivulini wakimlaani kila mtu. Kijana yule alirudi kwangu mara nne kuchukua nakala. Aliuza thelathini na moja. Nilipita baina ya magari nikiwatazama watu wazima, wenye safari zao na hasira zao, wameinamia kitabu changu kwa sababu tu wamekatizwa. Mama mmoja aliyekuwa akienda Njombe alinishika mkono, bila ya kujua kuwa mimi ndiye mwandishi, akaniuliza kama njia ikifunguliwa sasa hivi gari litamwacha, maana amebakiza kurasa kumi.

Vijana wa sasa huuza riwaya kwa simu, sehemu baada ya sehemu, msomaji akalipa kwa M-Pesa na jioni akadai nyingine. Nasikia wakubwa wakizibeza kazi hizo. Lugha yake mara nyingi yasikitisha, nakubali. Lakini vijana hao wana kitu ambacho mimi nilikosa kwa miaka mingi, nacho ni mtu wa kuwauliza kila usiku: imefika wapi?

Mimi wangu ni mmoja, na amelala Mikumi. Ulimi wake, baada ya kiharusi, ulikuwa mzito kwa miezi, kisha ukafunguka. Macho hayamsomei tena, hivyo mimi humsomea. Tangu mwaka 2024, treni za umeme zilipoanza kwenda Dodoma kwa kupita katika mahandaki ya milima ya Kilosa, nimekuwa nikimpa habari zake: mwendo wake, viti vyake, jinsi zinavyopita bila ya moshi. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Na wake wa genge wanakaa wapi?" Hilo nililiandika papo hapo, juu ya kifuko cha dawa.

Riwaya hii ya pili inamhusu mdogo wake. Kabla ya maradhi alinisimulia mara nyingi, na kila mara sawasawa: mdogo wake, akikimbia ndoa aliyopangiwa, alipanda treni usiku katika stesheni ndogo, amejifunga kanga nyekundu, kuku mmoja katika kikapu, akaenda upande wa Tabora na hakurudi. Nimeshasuka ukili wa kutosha juu ya usiku ule. Lakini tangu mwaka jana anasimulia vingine. Safari hii mdogo wake hakupanda. Safari hii alifichwa nyuma ya tangi la maji, na aliyemficha ni mavyaa mwenyewe, na baba yao alipokuja kuuliza, mavyaa akasema, "Amekwenda na treni." Wifi yangu ananisihi nisiandike haya; anasema ni ugonjwa unaosema, na kwamba hata kama si ugonjwa, ni aibu ya nyumba. Daktari amesema kumbukumbu za mgonjwa wa namna hii huweza kuchanganyika. Huenda. Mimi nimewaandikia wafiwa wasifu mwingi, na najua sauti ya mtu anayechanganya, najua pia sauti ya mtu aliyechoka kuficha, na kwa mavyaa usiku mwingine nasikia hii, usiku mwingine ile. Ikiwa hakupanda, basi alikwenda wapi? Nimemuuliza mara moja tu. Aligeuza uso ukutani.

Hivyo nina rundo mbili za karatasi katika kikapu kimoja, na mwanamke mmoja katika rundo zote mbili. Nimesimama hapo tangu mwezi wa tatu. Safari hii si wateja walionikatiza wala si umeme.

Jumapili iliyopita, kabla ya kumwachia wifi zamu, mavyaa aliniuliza kama kawaida yake, "Umefika wapi?" Nikamwambia, "Stesheni, mama. Amekaa na kikapu chake." Alifumba macho kwa muda, nikadhani amelala, honi ya gari langu ilikuwa inalia nje. "Mwache hapo hapo kwanza," akasema. "Treni ile ilichelewa sana."

Nimemwacha hapo. Alhamisi nafunga duka saa sita.